Herufi Moja Katika Mwongozo: Historia ya Usahihishaji wa Nyaraka za Programu

Nyaraka za programu, yaani maandishi yanayomweleza mtumiaji programu fulani ya kompyuta hufanya kazi gani, huitwaje na hushindwa wapi, zimekuwa na wasahihishaji wake tangu zilipoanza kuandikwa, ingawa vitabu vya historia ya kompyuta huwasifu wavumbuzi na wenye kampuni na kuwaacha watu hawa pembeni. Kazi yao huonekana ndogo: neno lililokosewa tahajia, mkato uliosahaulika, jina la faili lililobaki katika maelezo baada ya faili lenyewe kubadilishwa jina. Hata hivyo, mwongozo wa programu una sifa ambayo riwaya au gazeti halina, kwa kuwa baadhi ya maneno yake hunakiliwa yalivyo na kupewa mashine, na mashine haina uwezo wa kukisia mwandishi alikusudia nini. Msomaji wa gazeti akikuta neno "serikli" atajua kwamba ni serikali na kuendelea na habari yake. Kompyuta ikipewa jina la amri lililopungukiwa herufi moja huikataa kazi au, jambo lililo baya zaidi, hufanya kazi nyingine ambayo haikuombwa.

Mfano unaofaa kwa kuifuatilia historia hiyo ni Unix, mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoisimamia mashine na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi, ulioanzishwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie mwaka 1969 katika maabara ya Bell Labs huko Murray Hill, jimbo la New Jersey, Marekani. Uhusiano wa Unix na maandishi safi ulianza mapema. Watafiti hao walipohitaji kompyuta mpya, waliipata kwa ahadi kwamba wangetengeneza mfumo wa kuandaa na kupanga maandishi, na mwaka 1971 idara ya hataza ya maabara hiyo, yaani idara iliyoshughulikia usajili wa haki za uvumbuzi, ikawa mtumiaji wa kwanza muhimu kutoka nje ya kundi la watafiti. Wapiga taipu wa idara hiyo walitayarisha maombi ambayo mistari yake ilitakiwa kuwekewa nambari na ambayo maneno yake yangekuja kupimwa na wanasheria mmoja mmoja, kwa hiyo programu ya kupanga kurasa iliyoitwa roff ilikuwa chombo cha kazi yao ya kila siku na pia chombo ambacho watafiti wenyewe walikitumia kuandikia mwongozo wa mfumo wao.

Mwongozo huo, toleo la kwanza, ulitolewa tarehe 3 Novemba 1971. Kila amri ilipewa ukurasa wake, na kila ukurasa ulifuata mpangilio uleule: jina la amri na kazi yake kwa mstari mmoja, namna ya kuiandika, maelezo, mafaili yanayohusika, kurasa nyingine za kutazama, ujumbe wa makosa, na kisha sehemu mbili ambazo kwa wakati ule hazikuwa za kawaida katika vitabu vya mitambo. Ya kwanza iliitwa Kasoro, na ndani yake mwandishi alikiri waziwazi mambo ambayo programu yake haikuyafanya vizuri. Ya pili ilimtaja mwenye programu kwa ufupisho wa jina lake, ili msomaji aliyeona tatizo ajue ampelekee nani. Umuhimu wa sehemu hizi mbili hauelezwi vya kutosha. Kitabu kinachotaja kasoro zake na kumtaja mtu wa kuambiwa kinamwalika msomaji asahihishe, na mwaliko huo ndio uliokuja kuwa desturi ya jamii nzima ya waandishi wa programu, hata pale ambapo sehemu ya mwenye programu ilikuja kuondolewa katika matoleo ya baadaye.

Aliyesimamia sana uhariri wa matoleo yaliyofuata ni Douglas McIlroy, mkuu wa idara ya watafiti hao, ambaye alijulikana kwa kupenda sentensi fupi na kuchukia neno lisilo na kazi. McIlroy amesimulia katika mahojiano ya kihistoria kwamba kila toleo jipya la mwongozo lilipokaribia, shughuli zilipamba moto maabarani, kwa sababu mtu alipoketi kuyaandika mambo mabaya ya programu yake aliona aibu kuyachapisha, akaamua kuiondoa sifa fulani au kuiongeza nyingine ili maelezo yawe rahisi kutoa. Jambo hili linastahili kukaziwa macho, maana linageuza mpangilio ambao watu wengi wameuzoea, kwamba programu hutangulia na maelezo hufuata nyuma kama mtumishi. Huko Murray Hill, msahihishaji wa sentensi iliyokuwa inapinda mara nyingi aligundua kwamba sentensi ilipinda kwa kuwa programu yenyewe ilipinda, na kuinyoosha sentensi kukawa ni kuinyoosha programu. Si ajabu basi kwamba matoleo ya mfumo wenyewe yalikuja kuitwa kwa nambari za matoleo ya mwongozo, hadi leo wanahistoria wakisema Toleo la Saba, la mwaka 1979, huwa wanataja kitabu na mfumo kwa pamoja.

Maabara hiyohiyo ilitoa pia vyombo vya kwanza vya kusaka makosa ya tahajia ndani ya Unix. Wazo lenyewe lilikuwa limeshajaribiwa kwingine, hasa katika Chuo Kikuu cha Stanford, ambako Ralph Gorin aliandika kikagua tahajia mwaka 1971. Katikati ya miaka ya 1970 Robert Morris na Lorinda Cherry walitengeneza programu iliyoitwa typo, ambayo haikutegemea kamusi kubwa, kwa kuwa diski za wakati ule zilikuwa finyu. Badala yake ilihesabu jinsi herufi zinavyofuatana mbilimbili na tatutatu ndani ya hati yenyewe, kisha ikayapanga maneno kuanzia lile lenye mfuatano wa ajabu zaidi, ili msomaji ayatazame ya juu na kuamua mwenyewe. Mwaka 1975 Steve Johnson aliandika spell, iliyolinganisha maneno ya hati na orodha ya maneno sahihi, na McIlroy akaiboresha kwa ustadi ambao bado unafundishwa. Tatizo lake lilikuwa la nafasi: kompyuta ya PDP-11 iliiruhusu programu kushughulikia baiti 64,000 na ushei tu, ilhali orodha yake ilihitaji maneno kama 30,000. Alilitatua kwa njia mbili, kwanza kwa kuvua viambishi vya mwanzo na vya mwisho ili neno moja la orodha litambulishe maneno mengi yaliyotokana nalo, na pili kwa kuibana orodha hadi kila neno likachukua takribani biti 14, yaani chini ya nafasi ya herufi mbili.

Kuvua viambishi kulileta hatari yake, na namna ilivyozuiwa inaonyesha jinsi kazi hii ilivyohitaji jicho la mtu. Mojawapo ya makosa ya kawaida kabisa ya Kiingereza ni kuandika "thier" kwa kubadilishana nafasi za herufi mbili, na programu iliyofundishwa kuvua viambishi ingelikubali neno hilo kwa kudhani kwamba limetokana na "thy" iliyoondolewa herufi ya mwisho na kuongezewa kiambishi. Kwa hiyo ilibidi itengenezwe orodha ya pili, ya makosa ambayo kanuni zingeyapitisha, na ukurasa wa mwongozo wa spell ukautaja mfano huohuo kama ushahidi. Cherry aliendelea na wenzake kuunda mkusanyiko mkubwa zaidi wa vyombo vya waandishi, ikiwemo programu ya kuonyesha neno lililoandikwa mara mbili mfululizo, kosa ambalo jicho la binadamu hulipita bila kuliona, hasa neno la kwanza likiwa mwisho wa mstari na la pili mwanzo wa mstari unaofuata.

Yapo makosa, hata hivyo, ambayo yalionekana mapema na hayakurekebishwa, na sababu zake zina mafunzo kuliko marekebisho mengi. Amri ya ndani ya Unix inayotengeneza faili jipya iliitwa creat, bila herufi ya mwisho ambayo tahajia ya Kiingereza inaidai, na jina hilo likaingia katika mwongozo wa mwaka 1971. Brian Kernighan na Rob Pike wamesimulia katika kitabu chao cha mwaka 1984 kwamba Thompson alipoulizwa angebadilisha nini kama angeijenga Unix upya, alijibu kwamba angeiongeza herufi hiyo. Asingeweza kuiongeza tena, maana programu zilizoliita jina hilo zilikuwa zimeshaandikwa kwa wingi, na kila moja ingevunjika siku ambayo jina lingesahihishwa. Kisa kinachofanana nacho kilitokea katika hati za itifaki ya HTTP, yaani kanuni zinazoongoza mazungumzo kati ya kivinjari na seva, ambamo kichwa cha ujumbe kinachoutaja ukurasa aliotokea msomaji kiliandikwa Referer kwa r moja mahali pa mbili. Kosa lilipoonekana katika miaka ya 1990, Roy Fielding, mmoja wa waandishi wa itifaki hiyo, alieleza kwamba kikagua tahajia cha Unix hakikulijua neno hilo kwa tahajia yoyote kati ya hizo mbili. Hati rasmi ya Mei 1996 ikalichapisha kosa kama lilivyo, na tangu hapo kila kivinjari duniani hulituma. Kanuni nyingine iliyotungwa miongo miwili baadaye kuhusu jambo hilohilo iliandikwa kwa tahajia sahihi, ndiyo maana waandishi wa programu za leo hulazimika kukumbuka kwamba mahali pamoja ni r moja na mahali pengine ni mbili.

Hati hizo za itifaki ziko katika mfululizo ulioanza tarehe 7 Aprili 1969, na msimamo wa wahariri wake, wakiongozwa kwa muda mrefu na Jon Postel hadi alipofariki mwaka 1998, ulikuwa kwamba hati ikishachapishwa haiguswi kamwe. Kosa likigunduliwa, huandikwa katika daftari la masahihisho lililo nje ya hati, likatengwa kama ni kosa la kiufundi au la uhariri, kisha likathibitishwa, likakataliwa au likawekwa kusubiri siku hati mpya itakapoandikwa. Msimamo huo ni mgumu lakini una haki, kwa kuwa wahandisi wa nchi mbalimbali wanaojenga vifaa vinavyotakiwa kuelewana wanahitaji kuwa na uhakika kwamba wote wamesoma maneno yaleyale, hata kama maneno hayo yana dosari.

Kwa upande wa Unix na jamii zilizoirithi, njia ilikuwa tofauti: maandishi yabadilike mara kwa mara, mradi kila badiliko lionekane. Chombo kilichowezesha hilo ni diff, kilichoandikwa na McIlroy kwa kutumia utaratibu wa James Hunt na kutolewa mwaka 1974, ambacho hulinganisha mafaili mawili na kutoa mistari iliyotofautiana peke yake. Mwaka 1985 Larry Wall alikikamilisha kwa programu ya patch, inayoichukua orodha hiyo ya tofauti na kuibandika juu ya faili la zamani, na ndipo masahihisho yalipoanza kusafiri kwa umbo la kiraka. Kiraka cha kosa la tahajia ni maandishi mafupi mno: jina la faili, nambari ya mstari, mistari michache ya jirani iliyowekwa ili kuonyesha mahali, kisha mstari wa zamani wenye alama ya kutoa mbele yake na mstari mpya wenye alama ya kujumlisha. Mpokeaji hahitaji kumwamini mtumaji wala kumjua, kwa sababu kila kilichobadilika kiko mbele ya macho yake na hukaguliwa kwa sekunde chache. Bila umbo hilo isingewezekana kwa mwanafunzi asiyejulikana, aliye mbali na mwenye lugha nyingine ya kwanza, kuurekebisha mwongozo unaotumiwa na maelfu ya watu.

Donald Knuth, profesa wa Stanford, aliishika kazi hii kwa namna yake mwenyewe, na heshima aliyompa msahihishaji haijapata mfano. Alianza kuandika mfumo wa TeX, wa kupanga kurasa za vitabu vyenye hesabu, baada ya kuona prufu za toleo jipya la kitabu chake mwaka 1977 na kuhuzunishwa na sura ya herufi zake. Kila aliyeona kosa kwa mara ya kwanza katika vitabu vyake, liwe la hoja au la herufi moja, alilipwa kwa hundi ya senti 256, kiasi alichokichagua kwa kuwa 256 ni nambari ya mviringo katika hesabu ya msingi wa kumi na sita, inayotumiwa sana katika kazi za kompyuta. Na kwa makosa ndani ya programu ya TeX yenyewe malipo yaliongezwa maradufu mwaka hadi mwaka yakafika dola 327.68. Nyingi ya hundi hizo hazikupelekwa benki kamwe, wenye nazo walizitia katika fremu. Knuth aliweka pia daftari la kila kosa la TeX tangu mwaka 1978, na alipolichapisha na kulichambua mwaka 1989 lilikuwa na makosa zaidi ya 800 yaliyogawanywa katika aina 15, kila aina na herufi yake. Aina mojawapo, yenye herufi T, ni makosa ya kidole yasiyo na uzito, na inapendeza kuyaona yameorodheshwa katika daftari moja na makosa makubwa ya mantiki, kwa tarehe na maelezo yake, bila kudharauliwa.

Kiini cha mfumo wa Linux kilipoanza kukua katika miaka ya 1990, wingi wa viraka vidogo ulikuwa mzigo kwa watunzaji, yaani wale wenye mamlaka ya kukubali au kukataa mabadiliko. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 iliwekwa anwani maalumu ya kupokea viraka vyepesi, na mwongozo wa washiriki ukabainisha vinavyostahili jina hilo. Katika orodha yake makosa ya tahajia yalitajwa mara mbili: yale yaliyomo katika nyaraka, na yale ambayo, popote yalipo, yangeweza kuiharibia kazi programu ya grep, inayotafuta neno ndani ya mafaili. Kigezo hicho cha pili kina hekima kubwa. Mtu anayetafuta mahali ambapo ujumbe fulani umeandikwa, kati ya mamilioni ya mistari, huandika neno kwa tahajia sahihi, na ikiwa lililomo limekosewa, halitapatikana, naye atahitimisha kwamba halipo. Mwaka 2014 faili la makosa yaliyozoeleka likaongezwa kwenye hifadhi ya Linux, likiwa na asili yake katika Lintian, programu ya mradi wa Debian ya kukagua vifurushi. Kila mstari wake una neno lililokosewa, alama mbili za wima, na neno sahihi, kama vile recieve na receive, seperate na separate, na washiriki hushauriwa kukipitisha hapo kila kiraka kipya kabla ya kukituma. Kurasa za mwongozo zenyewe zilikuwa na watunzaji wake tangu mwaka 1993, Rik Faith, kisha Andries Brouwer, kisha Michael Kerrisk, na matangazo ya kila toleo yaliwataja waliochangia hata kwa kirekebisho cha neno moja.

Kosa dogo kuliko yote katika historia hii pengine ni lile la kistari, na limedumu kuliko mengi. Wachapaji wa vitabu hutofautisha kistari kifupi kinachounganisha maneno na alama ndefu kidogo ya kutoa katika hesabu, lakini herufi za kompyuta zilizosanifiwa katika mfumo wa ASCII mwaka 1963 zilikuwa na alama moja tu ya kufanya kazi zote mbili, na alama hiyo ndiyo inayotangulia machaguo ya amri za Unix. Lugha ya kuandikia kurasa za mwongozo ilikuwa na njia mbili za kuiandika: kistari cha kawaida kilimaanisha kiunganishi cha maneno, na kistari kilichotanguliwa na mkwaju wa kinyume kilimaanisha alama ya kutoa. Waandishi wengi hawakuijua kanuni hiyo au waliisahau, na kwa miongo miwili hakuna aliyedhurika, maana skrini za wakati ule zilionyesha alama ileile kwa vyote viwili. Mambo yalibadilika skrini zilipoanza kutumia herufi za Unicode, ambazo zina kistari cha kweli cha uchapaji kilicho tofauti na alama ya kibodi. Ghafla mtumiaji alinakili amri kutoka ukurasa wa mwongozo, akaibandika, na kompyuta ikaikataa bila sababu inayoonekana. Akitafuta chaguo fulani ndani ya ukurasa, aliambiwa halimo ilhali analiona. Lintian ikapewa kanuni ya kulisaka kosa hilo, na watu wengi wakapeleka viraka vya kuongeza mikwaju mahali ilipokosekana, kazi ya uvumilivu isiyo na sifa yoyote. Mgogoro haukuisha. Mwaka 2023 toleo la 1.23 la groff, programu huria inayopanga kurasa hizo, liliirudisha tofauti kati ya alama hizo mbili kwa hoja kwamba uchapaji sahihi unaidai, na Debian ikaamua kuifuta tena katika nakala zake ili wasomaji waendelee kunakili amri bila tabu. Pande zote mbili zina hoja, lakini uamuzi wa Debian unaelekea kuwa na huruma zaidi kwa msomaji, ambaye hana njia ya kujua kwamba alama aliyoiona siyo aliyodhani.

Urahisi wa kutuma masahihisho kupitia kivinjari, uliokuja katika muongo wa 2010, ulifungua mlango huu kwa watu wengi zaidi na ukaleta uharibifu wake. Mwezi Oktoba 2020, kampeni ya Hacktoberfest, iliyoanzishwa mwaka 2014 na kampuni ya DigitalOcean na iliyokuwa ikitoa fulana kwa waliopeleka michango minne, iliwaletea watunzaji gharika ya marekebisho ya uongo, mengi yakiwa ni kuongeza neno la kusifu katika ukurasa wa utangulizi wa mradi. Baada ya siku chache waandaaji walibadilisha kanuni ili miradi iliyokubali kushiriki peke yake ndiyo ihesabiwe. Kilichovunjwa hapo ni imani, kwa kuwa mtunzaji aliyechoshwa na viraka vya uongo huanza kuvitilia shaka hata vile vya msomaji mwaminifu aliyeona kosa la kweli.

Kwa wasomaji wa lugha nyingine, Kiswahili ikiwemo, kusahihisha kosa dogo la Kiingereza kuna gharama ambayo msahihishaji mara nyingi haijui. Programu huria nyingi hutafsiriwa kwa mfumo wa gettext, uliotolewa na mradi wa GNU katikati ya miaka ya 1990, ambao huweka kila sentensi ya asili pamoja na tafsiri yake katika faili moja. Sentensi ya asili ikibadilika hata mkato mmoja, mfumo huitia tafsiri alama ya mashaka na kuacha kuitumia hadi mfasiri aipitie, kwa hiyo mtumiaji wa Dodoma au Mombasa aliyekuwa akisoma Kiswahili jana hukutana leo na Kiingereza mahali hapo, kwa sababu tu mtu fulani amerekebisha herufi ambayo Mswahili hakuwa ameiona kamwe. Miradi mikubwa kama GNOME iliweka kwa ajili hiyo kipindi cha kugandisha maneno kabla ya kila toleo, ambapo sentensi za asili haziguswi bila idhini ya wafasiri, na waundaji wa po4a, vyombo vya kutafsiria nyaraka, walitengeneza programu maalumu ya kuziondolea tafsiri mashaka pale ambapo kilichobadilika ni tahajia peke yake.

Tafsiri za Kiswahili zilianza kupata nguvu kupitia mradi wa Kilinux, uliokihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na uliotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini kwa Kiswahili, Desemba 2004. Hapo usahihishaji ulidai mbinu nyingine. Kikagua tahajia chenye orodha ya maneno pekee hakifiki mbali katika lugha ambayo "ninapowaandikia" ni neno moja lenye nafsi, wakati, kirejeshi, watendewa, mzizi na kauli, na ambayo mzizi mmoja wa kitenzi huzaa maneno yasiyoweza kuorodheshwa yote. Uvuaji wa viambishi, ambao McIlroy aliutumia ili kuokoa nafasi, kwa Kiswahili ni sharti la kuanzia. Kosa linalojirudia zaidi, tena, si la tahajia. Mwandishi wa programu ya Kiingereza hutunga ujumbe wenye pengo, ambalo hujazwa jina la kitu chochote, kisha maneno ya kusema kwamba kimefutwa, na kwa Kiingereza ujumbe huo hukaa sawa kwa kila jina. Mfasiri wa Kiswahili akiandika "imefutwa" atakuwa sahihi kwa picha na folda, atakosea kwa ujumbe uliofutwa, kitabu kilichofutwa na jedwali lililofutwa, na hakuna kikagua tahajia kitakachomwonya, kwa kuwa kila neno peke yake liko sawa. Dawa haimo katika faili lake la tafsiri. Hana budi kupeleka kiraka kwenye msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu yenyewe, kinacholigawa pengo hilo na kutoa sentensi kamili kwa kila aina ya kitu. Na watunzaji wanaokipokea hugundua mara nyingi kwamba wafasiri wa Kiarabu, Kirusi na Kifaransa nao, ambao vitenzi au vivumishi vyao hufuata jinsia ya nomino, walikuwa wakisumbuliwa na pengo hilohilo.